Ushuru wa mipakani unakula mtaji: wafanyabiashara wa Mwanza, someni hapa kabla ya kuomba fedha za Serikali

Mwana wa Mwaloni (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Tangu Marekani itangaze ushuru wake mpya mwezi Aprili 2025, kila nikikaa na wafanyabiashara wa hapa Mwanza swali ni lilelile: Serikali ina fungu gani la kutusaidia sisi ambao ushuru unatumaliza? Kazi yangu ni kuandaa hesabu na maandiko ya mikopo kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati. Wengi ni wa dagaa, wengine pamba, vifaa vya uvuvi na karakana. Naona maombi ya watu wachapakazi yakirudishwa, na naona wengine wakikopa ili walipe ushuru ambao kisheria hawakupaswa kulipa hata shilingi. Hili la pili linaniuma zaidi, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Tuanze na wenzetu. Kanada ilipigwa na Marekani kwenye chuma na alumini, asilimia 25 mwezi Machi 2025, ikafika 50 mwezi Juni. Serikali yao ikaweka mpango wa kusaidia biashara zilizoguswa kupitia mashirika yake ya maendeleo ya kanda, na Septemba 5 mwaka huohuo Waziri Mkuu Mark Carney akatangaza kuupanua hadi dola bilioni 1 za Kanada, pamoja na mfuko mwingine wa dola bilioni 5. Afrika Kusini, baada ya kuwekewa asilimia 30 mwezi Agosti 2025, nayo ikatangaza msaada kwa wauzaji wake wa nje kupitia Shirika la Maendeleo ya Viwanda, wa mtaji wa kuendeshea na wa mitambo.

Kilichonivutia kwenye mipango hiyo ni namna mwombaji anavyopimwa. Hatoki na fedha kwa kusema anaumia. Anatakiwa aoneshe ushuru umegusa mauzo yake wapi, kwa kiasi gani, na akipewa fedha atabadilisha nini: atafute soko lingine, anunue mashine, apunguze gharama. Na fedha wanazopewa makampuni kule Kanada kwa sehemu kubwa ni mkopo usio na riba, unarudishwa. Anayedhani wenzetu wanagawiwa bure afute hiyo picha.

Huku kwetu usipoteze muda kutafuta mlango wenye kibao cha "fidia ya ushuru". Pita kwenye milango iliyopo, nitaitaja. Lakini kwanza jiulize ushuru unakupiga kutokea upande gani, maana hapo ndipo watu wengi wanachanganya.

Ushuru wa Marekani kwa bidhaa za Tanzania uliwekwa asilimia 10 kuanzia Aprili 5, 2025. Kwa Mwanza hiyo haigusi watu wengi moja kwa moja. Minofu ya sangara ya viwanda vyetu kwa sehemu kubwa inakwenda Ulaya, na kule Tanzania, kama nchi zingine maskini zaidi, inaingiza bila ushuru. China nayo ilifuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi za kundi letu kuanzia Desemba 1, 2024, na wenye mabondo, vile vibofu vya sangara, wanajua soko hilo lina maana gani. Wakubwa wa sangara adui yao wa miaka yote ni ubora. Wazee wanakumbuka mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu. Viwanda vilisimama na mialo ikanyamaza.

Pamba inaumia kwa mzunguko. Nyuzi zetu zinanunuliwa na viwanda vya Asia vinavyoshona nguo za kuuza Marekani. Bangladesh na Vietnam ziliwekewa asilimia 20 kila moja mwezi Agosti 2025. Mshonaji wa kule akipunguziwa oda, anapunguza pamba anayonunua, na bei inamshukia mkulima wa Kwimba na Magu ambaye hajawahi kuona karatasi ya forodha maishani mwake.

Upande wa tatu ni wa vitu tunavyoingiza wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wenye ngazi nne: sifuri, 10, 25 na 35, hii ya mwisho ilianza Julai 1, 2022. Chukua mfano wa hesabu. Umeagiza vifungashio kutoka nje ya Jumuiya, thamani mpaka bandarini ni shilingi milioni 20, na viko ngazi ya 25. Ushuru ni milioni 5. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya milioni 25, yaani milioni 4.5. Tozo zingine ndogondogo naziacha. Umelipa milioni 9.5, lakini kama umesajiliwa VAT hiyo milioni 4.5 utaikata kwenye marejesho yako. Iliyozama ni milioni 5. Ukiandika kwenye maombi kwamba ushuru umekula milioni 9.5, mtathmini anayejua kazi yake anafunga faili hapo hapo, maana ameona hujui hesabu yako.

Upande wa nne, na huu ndio wa Mwaloni Kirumba, soko letu la dagaa, ni mipaka ya jirani: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo. Dagaa waliovuliwa Ziwa Victoria upande wa Tanzania ni bidhaa halisi ya Jumuiya kwa asilimia mia. Wakiingia nchi inayotekeleza umoja wa forodha wakiwa na cheti cha uasili, yaani karatasi ya kuthibitisha mzigo umetoka wapi, ushuru wa forodha ni sifuri. Bila cheti, afisa wa upande wa pili ana haki ya kuwatoza kama mzigo uliotoka mbali. Cheti cha Jumuiya kinashughulikiwa na TRA, mamlaka ya mapato, na kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 kuna cheti kilichorahisishwa kinachotolewa mpakani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukiuza nje ya Jumuiya chini ya Eneo Huru la Biashara Afrika, cheti kafuate TCCIA, chemba ya wafanyabiashara.

Kwa hiyo mtu anapakia magunia ya dagaa kwenye fuso, anafika mpakani, anatozwa, anarudi Mwanza anaomba mkopo wa kuziba pengo. Mkopo huo una riba. Cheti kingemaliza jambo.

Ukishaondoa ushuru usiokuhusu, uliobaki ndio uombee fedha. Milango ninayoifahamu ni hii.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kikundi kiwe hai, chenye katiba, akaunti na mradi mmoja unaoeleweka.

SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato. Wana mfuko wa NEDF wa wajasiriamali tangu 1994, na faida ya SIDO ni kwamba wanakupa na ushauri wa mashine na vifungashio. Mtu wa kusindika asiruke hapa.

Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, kwa kilimo, ufugaji na uvuvi. Hawa ndio waliopitishiwa mikopo isiyo na riba ya boti na vizimba, ile ambayo Rais Samia alikuja kukabidhi hapa Mwanza Januari 2024. Wana pia dhamana kwa wakulima wadogo: unakopa benki ya kawaida, wao wanabeba sehemu ya hatari. Benki Kuu nayo imekuwa ikisimamia kwa niaba ya Serikali dhamana kwa wauzaji nje na kwa biashara ndogo na za kati. Hiyo huiombi wewe, inaombwa na benki yako, kwa hiyo muulize afisa mikopo ukiitaja dhamana hiyo kwa jina.

Kuhusu faili lenyewe. TIN, leseni, cheti cha kutodaiwa kodi, taarifa ya benki, hayo kila mtu anayajua. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa kuonesha ushuru. Mimi hutengeneza jedwali la safu chache: tarehe, mzigo, mpaka au bandari, thamani, ushuru uliolipwa, namba ya karatasi ya forodha. Chini yake sentensi mbili: kabla faida kwa gunia ilikuwa kiasi hiki, sasa ni hiki. Kisha nyuma yake nakala za karatasi zenyewe kwa mpangilio uleule. Mtathmini anaweka kidole kwenye mstari, anafungua nakala, anaona namba ileile. Nimeona faili la namna hiyo likisomwa meza moja na andiko la kurasa 40 lenye picha za rangi, na lililoulizwa maswali ya maana ni hilo jembamba.

Karibuni kwa maswali.

Fundi wa Nyakato

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi natengeneza boti za faiba. Resini naagiza nje, ushuru unaniua, na anayeingiza boti iliyokamilika tunagombania mteja mmoja. Naangukia wapi?

Mwana wa Mwaloni

Kaka, wewe usianze na mkopo. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina utaratibu wa msamaha wa ushuru kwa mzalishaji anayeingiza malighafi, kifungu cha 140. Unatajwa kwenye Gazeti la Jumuiya, wewe, malighafi yako na kiasi, na unalipa kiwango kidogo au sifuri kwa muda uliowekwa. Maombi yanakwenda na mzunguko wa bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kabla ya hapo kukubaliana viwango. Anayepeleka barua Juni amechelewa gari. Andaa mwishoni mwa mwaka, na msipeleke mmojammoja. Mafundi wa boti wa Mwanza, Musoma na Bukoba mkipeleka ombi moja lenye jumla ya resini mnayotumia kwa mwaka, mezani linakuwa hoja ya sekta nzima.

Na kama unauza boti nje ya Jumuiya, kuna kurudishiwa ushuru wa malighafi iliyotumika kwenye bidhaa iliyouzwa nje, kifungu cha 138. Hapo unatakiwa uoneshe resini ya kontena lile ndiyo iliyoingia kwenye boti ile, kwa hiyo daftari la stoo liwe safi, na udai mapema maana sheria ina kikomo cha muda.

Baada ya hayo nenda SIDO, ni majirani zako.

Mama Igombe

Mwangaluka wakuu. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunakausha dagaa kwenye chanja. Hatuvuki mpaka, mnunuzi wa Congo anakuja kwa wakala wake pale Kirumba. Sasa wakala anatuambia ushuru wa kule umepanda kwa hiyo bei ishuke. Tumeshuka. Karatasi ya forodha hatuna, anayo yeye. Tutathibitisha nini, mwanangu?

Mwana wa Mwaloni

Shikamoo mama. Swali lako ndilo zito kuliko yote kwenye uzi huu, naomba nilijibu kwa kirefu.

Kwanza, Congo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022 lakini bado haijaingia kikamilifu kwenye utekelezaji wa umoja wa forodha. Kwa hiyo wakala anaweza kuwa anasema kweli. Anaweza pia kuwa anatumia neno ushuru kushusha bei. Mwombeni aandike. Ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia: tarehe, bei ya zamani, bei mpya, sababu. Akiwa na nakala ya risiti ya kule, bora zaidi. Akikataa kuandika chochote, nanyi mmepata jibu, tafuteni wakala wa pili mlinganishe bei.

Pili ni daftari lenu la mauzo. Hapa nawaomba sana muwe makini. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa uvuvi unapungua. Mvua za masika zikishika, dagaa hawakauki vizuri, wanaharibika rangi, bei inaanguka bila mtu yeyote kuongeza ushuru. Mkilinganisha bei ya Agosti kavu na ya Aprili ya mvua, mtathmini aliyekulia kandokando ya ziwa atawaambia hiyo ni mvua. Linganisheni giza kwa giza, na mwezi uleule wa mwaka jana na mwaka huu, dagaa wa daraja moja, waliokauka kwenye chanja kwa chanja. Bei ikiwa imeshuka hata hapo, mna hoja.

Tatu, mnaomba fedha za nini? Msiandike "kuongeza mtaji". Andikeni kitu kinachowatoa kwenye mkono wa mnunuzi mmoja. Kwa mfano, vifungashio vya nusu kilo na robo, alama ya ubora ya TBS, na kuuza Dodoma na Dar es Salaam ambako hakuna mpaka. Hapo mkopo wa halmashauri unaeleweka, maana mradi unajibu tatizo lililotajwa ukurasa wa kwanza.

Kijana wa Buzuruga

Mnajibu vizuri lakini tuambiane ukweli. Hii mikopo ya halmashauri wanapata wanaojuana. Kikundi chetu kilipeleka fomu, hatujajibiwa hadi leo. Halafu nyie mnasema nenda kata.

Mwana wa Mwaloni

Mdogo wangu, malalamiko yako ni ya haki na sitayapuuza. Mikopo hii ilisimamishwa 2023 baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuonesha vikundi hewa na marejesho yasiyofanyika, kwa hiyo tatizo limeandikwa na Serikali yenyewe. Ushauri wangu: usikae na jibu la mdomo. Andika barua kuuliza ombi limefikia hatua gani, igongwe mhuri wa masijala ubaki na nakala, peleka nakala nyingine kwa diwani. Ombi lenye mhuri linafuatiliwa, la mdomo linapotea na aliyelipokea akihamishwa. Na hakikisheni kikundi chenu kinaonekana kwenye mfumo wa kielektroniki, maana wengine wana fomu ya karatasi wanadhani wameshaomba.

Mhasibu wa Capripoint

Naongeza jambo moja kwa mleta uzi. Wengi wanalipa kupitia wakala wa forodha na hawachukui nakala. Mzigo unatoka, wakala anabaki na kila kitu. Kodi zimelipwa kwa jina la mtu mwingine kabisa kwa sababu mizigo imechanganywa kwenye kontena moja. Huyo hana ushahidi kwamba amelipa ushuru.

Mwana wa Mwaloni

Umesema jambo kubwa, mkuu. Kontena la kuchangia linapunguza gharama, silipingi, wadogo wangeagizaje? Lakini mkubaliane kabla mzigo haujatoka: ankara ya kila mmoja kwa jina lake, na wakala atoe mchanganuo wa ushuru kwa kila mwenye mzigo, wenye sahihi yake. Bila hiyo hata VAT huwezi kuikata.

Fundi wa Nyakato

Kwa nini tusidai mfuko maalumu kama wa Kanada? Sisi tuna kosa gani?

Mwana wa Mwaloni

Tudai. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Ila nisingependa mfuko wa kugawa fedha kwa kila anayelia ushuru, maana huo utaishia kwa wakubwa wenye wahasibu wengi. Ningetaka dirisha dogo ndani ya SIDO au TADB la kugharamia vitu vitatu kwa mfanyabiashara mdogo: vipimo vya maabara, vifungashio, na safari ya kwanza ya mzigo kwenye soko jipya. Mapendekezo ya bajeti hukusanywa kila mwaka, na TCCIA mkoa wanapokea hoja za wanachama. Wasiopeleka hoja wanasikiliza bajeti redioni mwezi Juni kama wageni.

Mama Igombe

Nimeelewa mwanangu. Daftari tunalo, bei zimeandikwa ila nyingine kwa gunia, nyingine kwa ndoo. Itakubalika?

Mwana wa Mwaloni

Itakubalika mkiigeuza kuwa kilo. Pimeni ndoo moja ya dagaa wakavu na gunia moja, mbele ya mtendaji au afisa uvuvi wa mwalo, aandike uzito na kugonga mhuri. Kisha kila bei kwenye daftari igeuzeni kuwa shilingi kwa kilo kwa kipimo hicho. Msiandike daftari upya, mama. Liachwe lilivyo na madoa yake ya mafuta na maji, jedwali la kilo liwe karatasi ya pembeni. Mkimaliza tuma hapa jedwali bila majina ya wanunuzi, nitalipitia.